Springi Nilizoziongeza

Pikapu ya baba nilipewa mimi kwa sharti moja, na sharti lenyewe nililisikia vizuri kabisa, sikuwa nimesinzia. Ilikuwa siku ya kuanua matanga, nyumbani kwetu huku karibu na Bulyanhulu. Ndugu wote tumekaa kwenye mikeka, baba mdogo ameshika funguo mbili zilizofungwa kwa kipande cha kitambaa. Kaka yangu aliyetoka Maganzo alishaonyeshwa ng'ombe wake, dada yangu anayeishi Runzewe alishapewa cherehani na vyombo, nikabaki mimi kitinda mimba, mtoto wa kukaa na mama. Baba mdogo akasema, "Hili gari si lako. Ni la mama yako. Wewe ni dereva wake tu. Tumeelewana?" Nikajibu tumeelewana. Watu wakapiga makofi, na mama akanitazama kwa macho yake mekundu ya kilio, akatabasamu kidogo.

Niseme ukweli, siku hiyo halikuwa gari. Lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya zizi tangu baba alipoanza kuugua, miaka sita hivi. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Sakafu ya upande wa abiria imeliwa na kutu mpaka unaona majani yaliyoota chini. Kaka alipita akachungulia, akacheka, akaniambia nimerithi banda la kuku lenye usukani. Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua analijua hilo, na nadhani ni hasira zilizonifanya nianze kazi wiki ileile.

Kazi yangu ni kuchomelea. Natengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, kwa hiyo bodi haikunitisha. Nilikata sakafu yote iliyooza nikachomelea bati jipya. Nilisugua milango kwa brashi ya waya hadi nikawa natema kutu. Mama alikuwa anatoa kigoda chake anakaa kwenye kivuli cha ukuta na ungo wa mchele, anachambua huku ananisimulia habari za gari. Hapa ndipo baba yako alipogonga fisi. Hapa ndipo dada yako alipotapika siku ya harusi ya shangazi. Nilipofika kwenye bonde la fisi, lile lililokuwa juu ya tairi la mbele, akaniomba nisilinyooshe. Nikamwambia sawa, halafu nikalinyoosha, maana mkono wa fundi hauwezi kuona bonde ukaliacha. Akaliangalia, akasema limependeza. Ndivyo alivyo mama yangu, hana neno.

Kwa kuwa yeye ni mfupi, nilimchomelea ngazi ndogo ya kupandia na mshikio ndani ya mlango. Kiti nikakishona upya kwa sponji nzito. Nilikuwa najisifu moyoni, na nilikuwa na haki ya kujisifu, kwa sababu hadi hapo kila nilichofanya nilimfanyia yeye.

Injini ilinishinda. Ikabidi nimwite fundi makanika anayeishi nyumba ya nne kutoka kwetu, Mzaramo mtu mzima aliyekuja machimboni kijana kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkataa, akabaki na spana. Mzaramo na Msukuma ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa tunatukanana kwa amani kabisa. Akifika anauliza, "Msukuma yuko wapi, au ameenda kuoga na ng'ombe wenzake?" Nami namjibu kwamba kama kwao pwani kungekuwa na akili asingekimbilia kwetu. Mama alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Tulishusha injini, tukabadilisha ringi na gasketi, tukaosha pampu ya dizeli, tukapata rejeta iliyotoka kwenye gari jingine lililokufa. Miezi minne ilipita hivyo. Siku ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi mweusi ukafunika uwanja mzima, na ndani ya moshi huo nikasikia vigelegele vya mama.

Sasa nifike kwenye springi.

Springi za nyuma za pikapu kama ile ni vile vipande vya chuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Vikiwa vichache gari linanesa vizuri, vikiwa vingi linabeba mzigo mzito bila kulala. Za kwetu zilikuwa na kipande kimoja kilichokatika kila upande. Ilikuwa ni kukibadilisha tu basi. Fundi alikuwa amelala chini ya gari, akaniuliza kutoka hukohuko, "Wee Msukuma, hapa nyuma unataka gari ya mzigo au gari ya mama?"

Wakati huo nilikuwa nimeshaingia ubia na jamaa wawili kwenye duara, shimo letu la kuchimbia dhahabu, na tulikuwa tumeanza kutoa mawe. Mawe lazima yapelekwe karasha yakasagwe, na sisi hatukuwa na cha kuyabebea. Nilikuwa sijamwambia mama. Nikamjibu fundi, "Ongeza vipande vitatu kila upande."

Akatoa kichwa. "Vitatu? Likiwa tupu litaruka kama mbuzi. Utamvunja mama yako mifupa."

"Mama yangu ni Msukuma, ana mifupa ya kweli. Si kama nyie mliokuzwa kwa tui la nazi."

Tukacheka wote. Halafu yeye akaacha kucheka, akasema, "Nasema kweli, mtani." Nami nikamwambia Mzaramo tangu lini akasema kweli. Hapo mazungumzo yakaisha. Watu wanausifu utani kwamba unamruhusu mtu akuambie chochote, na ni sahihi, lakini unakuruhusu pia usisikie. Yule mzee aliniambia jambo lililokuwa kweli tupu, mara mbili, mimi nikalichezea. Yale maneno ya mifupa hadi leo nikiyakumbuka nasikia aibu mwili mzima.

Akaongeza vipande. Alipomaliza, akifuta mikono kwa tambara, akanipa ushauri. "Siku ukimbeba mama, weka uzito nyuma. Viroba kumi vya mchanga, au zaidi. Springi zikilala, gari linatulia." Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Miezi iliyofuata gari lilifanya kazi mbili. Jumapili nilimpeleka mama kanisani, siku nyingine nilibeba mawe. Kanisa liko karibu, njia fupi, lakini hata hapo nilimwona akishika ule mshikio kwa mikono yote miwili. Nilipomuuliza kama anaumia alisema, "Hapana, ng'wanawane. Gari ya baba yako imepata nguvu sana siku hizi." Alidhani kule kuruka ni nguvu. Nikamwacha adhani hivyo.

Mama yangu alikuwa mtu wa majaruba. Mchele wake ulikuwa unajulikana, na kupandikiza mpunga alikuwa anawashinda wanawake wenye nusu ya umri wake, ameinama tangu asubuhi, anaimba. Siku moja ya mvua aliteleza kwenye tuta la jaruba akaangukia nyonga. Wenzake wakamleta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tukampeleka zahanati, pale karibu. Muuguzi akampapasa, akampa dawa ya maumivu, akasema anahofia mfupa. Daktari wa mifupa anakuja hospitali ya mjini siku moja kwa wiki, na siku hiyo ni kesho. "Awe amefika kabla ya saa sita mchana," akasema. "Na alazwe chali, asitikisike. Nipige simu niwaombee gari ya wagonjwa?"

Nikamwambia, "Asante, dada. Tuna gari letu."

Nililisema kwa majivuno. Najua nilivyosimama, mkono mmoja kiunoni. Kama kuna sentensi moja ningeweza kuirudisha mdomoni nikaimeza, ni hiyo.

Jioni ile mwenzangu wa duara akapiga simu. Zamu yetu karasha ni kesho asubuhi, tukiikosa tunarudi mwisho wa foleni, pengine wiki tatu. Viroba kumi na vinne vya mawe vilikuwa uani kwangu, tayari. Nikaketi nikapiga hesabu zangu. Gari linahitaji uzito ili limtunze mama. Mawe ni uzito. Karasha iko njiani, ukichepuka kidogo. Tukitoka saa moja, saa mbili na nusu niko karasha, dakika ishirini za kushusha, saa tano niko hospitali. Jamani, nilijiona mjanja! Nililala usingizi mzuri kabisa.

Asubuhi nilipanga viroba saba upande huu na saba upande ule, katikati nikaweka godoro. Majirani wakambeba mama juu ya mlango wa mbao niliokuwa nimeutoa stoo, wakamlaza. Mke wangu akapanda akakaa kichwani kwake na mwavuli. Mama akageuza macho huku na huku, akauliza, "Mawe ya nini, baba?"

"Ya kulituliza gari, mayu. Usirushwe."

Akanyoosha mkono akanishika shavu. Mbele ya majirani wote akasema, "Mume wangu hakufa. Kaniachia huyu." Mama mmoja jirani akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikaenda kuwasha gari.

Na lazima niseme hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi: ilifanya kazi. Yule mzee alikuwa sahihi. Gari lilitulia, likawa linanesa taratibu tu. Nilipita kwenye makorongo polepole, na mke wangu akanipigia kioo cha nyuma akanionyesha kwa ishara kwamba mama amesinzia. Kama ningenyoosha moja kwa moja pale njia panda, basi hadithi hii ingekuwa nyingine, na mimi nisingekuwa na cha kuandika.

Nilikata kushoto.

Karasha ni kelele na vumbi, mashine inasaga mawe mpaka unahisi meno yanacheza. Nilikuta mtu mwingine ameingiza mzigo wake kwenye zamu yetu. Nikapandisha hasira. Nilimfokea, nikamfokea msimamizi, nikatishia kupigana, nikasimama kwenye mlango wa mashine na kifua mbele kana kwamba hakuna kitu kingine duniani siku ile. Saa nzima na zaidi nilibishana pale. Nyuma yangu, kwenye jua, mama yangu amelala na nyonga iliyovunjika, mke wangu anahamisha mwavuli kila jua linaposogea. Mama lishe waliokuwa pale wakampelekea uji, wakamwinua kichwa kidogo wakamnywesha. Akaanza kuwahadithia. "Mnaona haya mawe? Mwanangu ameyapakia ili nisitikisike. Kapakia mwenyewe, kiroba kimoja kimoja." Nilisikia kwa masikio yangu, katikati ya mzozo.

Zamu ikapatikana. Wabebaji wakaja wakapanda nyuma. Walikuwa na adabu, siwezi kuwalaumu. Kila aliyepanda alimwamkia, "Shikamoo bibi, pole bibi," akapinda mgongo akachukua kiroba kilichokuwa ubavuni mwake. Mama akaitikia marahaba, marahaba, huku anaangalia mawe yake yanaondoka upande huu na upande ule. Vilipobaki vitatu akaniita.

"Mbona wanayatoa?"

"Mbele barabara ni nzuri, mayu. Hatuyahitaji tena."

Mke wangu akanitazama. Anaijua ile barabara kama ninavyoijua mimi. Ilikuwa inajengwa, kipande kizima kimechimbuliwa, magari yanapitishwa pembeni kwenye mawe matupu. Aliingiza mikono yake chini ya mabega ya mama, akajiweka vizuri, akasubiri.

Na hapo, hatua kumi kutoka gari lilipokuwa, palikuwa na lundo la marudio, ule mchanga unaobaki ukishasagwa na kuoshwa. Lundo refu kuliko nyumba. Hakuna anayeuzuia. Viroba vitupu vilikuwa vimetapakaa chini. Sepeto zimesimama. Wabebaji walewale wangenijazia viroba kumi kwa dakika kumi, na wangefanya kwa hiari tu, kwa ajili ya bibi. Niliuona ule mchanga. Sitaki mtu anitetee kwamba sikuuona. Niliutazama, nikatazama saa, ilikuwa karibu saa nne na nusu, nikasema moyoni, potelea mbali, twende.

Nikaondoka na gari tupu.

Sitaieleza sana ile njia. Nikienda polepole, namkosa daktari. Nikienda haraka, gari linaruka, na mama amelala juu kabisa ya magurudumu ya nyuma, mahali pabaya kuliko pote. Mimi mwenyewe ndiye niliyejiweka kwenye kona hiyo, halafu nikawa naikasirikia barabara, nawatukana wajenzi, namtukana yule wa karasha. Mke wangu alipiga paa la kabini. Nikapunguza mwendo. Nikaangalia saa, nikaongeza. Akapiga tena. Nilisikia. Mara ya kwanza mama alilia kwa sauti, "Ee mayu wee!" akimwita mama yake aliyekufa zamani. Baada ya hapo hakulia tena, na kimya kile kilinitisha zaidi, lakini sikusimama. Tulipofika, mke wangu alinionyesha kanga ambayo mama alikuwa ameiuma. Ilikuwa imetoboka.

Tulifika saa saba. Daktari alikuwa ameshamaliza kazi yake na kuondoka, na hakuna wa kumlaumu, tuliambiwa saa sita. Wakampokea, wakampiga picha, wakamfungia uzito mguuni, akalala akisubiri wiki ijayo. Daktari alipokuja aliishika ile picha kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu. Akasema mfupa umeachana na umesogea. Huenda mwanzoni ulikuwa ufa tu, hawezi kujua. Akauliza, "Mlimleta kwa usafiri gani?"

Kabla sijafungua mdomo mama akajibu kutoka kitandani, kwa fahari, "Gari yetu, daktari. Mwanangu alipakia mawe nyuma ili nisitikisike."

Daktari akanigeukia akasema, "Umefanya vizuri." Nikasema asante. Hiyo nayo niliisema kwa mdomo wangu huu.

Alifanyiwa upasuaji, akapona kwa namna alivyopona. Mguu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, na anatembea na gongo. Jarubani haingii tena. Alijaribu mara moja, mwaka uliofuata, akasimama kwenye tuta akiangalia wenzake wanapandikiza, akataka kushuka, gongo likazama kwenye tope, ikabidi wanawake wawili wamtoe. Tangu siku hiyo hajaenda. Sasa tunanunua mchele dukani kama watu wengine, na kila tukila anasema una mawe. Mawe yale ya duara, kwa taarifa tu, yalikuwa mazuri. Gari likapata matairi mapya manne.

Hadithi ya viroba ikatembea. Mama aliwahadithia wagonjwa wenzake wodini, akawahadithia ndugu waliokuja kumwona, akaihadithia jumuiya. Kanisani mtu mmoja aliitaja kwenye ushuhuda, akanitaka nisimame watu wanione. Nikasimama! Kina mama wanawaambia watoto wao wamwige fulani. Kaka alipiga simu kutoka Maganzo akaniomba radhi kwa ile kauli ya banda la kuku, akasema baba alijua anampa nani. Mke wangu hajawahi kuligusia. Mama akianza ile hadithi yeye huinuka akaenda jikoni, na nasikia vyombo vikioshwa ambavyo vilishaoshwa.

Fundi naye nilimkwepa. Siku moja tulikutana dukani, nikajiandaa kwa tusi lolote, Mungu anajua nililihitaji. Akanisalimia kwa heshima, "Habari za mama?" Hakunitania. Toka siku ile ya safari ya hospitali hajanitania hata mara moja, na Mzaramo asipomtania Msukuma ujue amemhukumu.

Mwezi uliopita nikaamua kuzitoa zile springi. Nilishaachana na duara, gari linabeba mageti tu. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nikapiga jeki, nikaingia chini, nikaanza kuhangaika na boliti zilizoshika kutu. Nikasikia gongo la mama linakuja, tok, tok, kisha kigoda kikaburuzwa. Kutoka chini nilikuwa naona miguu yake tu. Ndala ya kushoto imekanyaga ardhi yote. Ya kulia imegusa kwa vidole.

"Unatoa nini?"

"Springi, mayu."

"Zimeharibika?"

"Hapana."

"Sasa unazitolea nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa chini ya gari, kwa sababu usoni nisingeweza, na bado naona ni uoga. Nilimwambia kwamba fundi aliniuliza gari ya mzigo au gari ya mama, nami nikachagua. Nilimwambia mawe yalikuwa ya duara, na siku ile ilikuwa zamu yetu, na yangepakiwa hata kama yeye asingekuwepo. Nilimwambia kuhusu muuguzi na gari ya wagonjwa. Nilimwambia kuhusu lundo la marudio, kwamba nililiona. Kutu ilikuwa inanidondokea machoni, nikawa siwezi kujifuta kwa sababu mikono ina grisi. Nililia kule chini kama mtoto.

Nilimaliza. Ile miguu haikusogea. Kuku mmoja alipita katikati yetu akadonoa nati.

"Mkeo anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Na yule Mzaramo?"

"Anajua za springi."

"Basi hao wanatosha." Nikamsikia anavuta pumzi. "Nisikilize, ng'wanawane. Mguu ulishaondoka. Huo nimeshaulilia, nimeshauzika. Kilichobaki kwangu ni mtoto. Usije ukaniondolea na mtoto."

"Lakini mayu, ni uongo."

"Ni wangu," akasema. Halafu kwa ile sauti yake ya kila siku, "Toka huko, unalalia mafuta."

Nilitoka, lakini alikuwa ameshageuka anarudi ndani. Hakusema amenisamehe. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi, nikitafuta msamaha ndani yake, sijauona. Chakula cha jioni tulikula pamoja, akanipa minofu kama kawaida.

Kesho yake, Jumapili, walikuja wageni, kina mama watatu wa jumuiya waliohamia hapa kutoka Bukombe, hawakuwa wanatufahamu. Nilikuwa uani nakaza nati za mwisho. Mama akaniita, "Njoo uwasalimie mama zako." Nikanawa mikono nikaingia, shikamooni, marahaba, nikataka kutoka. Akaniambia kaa. Nikakaa kwenye stuli karibu na mlango.

Akaanza. Alianzia jarubani, kama siku zote, tope, tuta, mkokoteni wa ng'ombe. Sauti yake haikubadilika. Alipofika kwenye mawe akanigeukia, akanitazama machoni, akasema polepole, "Viroba ishirini. Kavipakia peke yake, alfajiri, ili mimi nisiumie."

Vilikuwa kumi na vinne, na anajua vilikuwa kumi na vinne.

Mmoja wa wale wageni, mama mwenye umri wa mama yangu, akainuka akaja akanishika mikono yote miwili. "Mungu akuzidishie, mwanangu," akasema. "Watoto kama wewe siku hizi hawapo."

Mama alikuwa ananiangalia, anasubiri. Nikasema, "Amina."